Maziwa ya Mikasi

Baba alikuwa fundi wa korona, mashamba ya Muheza,
korona ile ya kukwangua mkonge,
kabla jina halijaibwa na ugonjwa.
"Kila kinachozunguka kinadai mafuta," alisema,
"kisipopewa kitadai kidole,"
akinyanyua mikono yake yenye vidole tisa.
Alirudi na grisi hadi kwenye nyusi.
Nikadhani ndiyo harufu ya upendo.

Basi wiki yangu ya kwanza Tanga mjini,
chumba cha kuoshea vyombo vya upasuaji,
nilipokuta mkasi unaonung'unika kiungoni
nikatoa kichupa mkobani, mafuta ya cherehani.
Tone moja. Nikaufungua, nikaufunga: kimya.
Nikafurahi kama aliyebembeleza mtoto akalala.

Sista Mwanamvua Shelukindo hakupandisha sauti.
Aliuinua dirishani. "Unaona unavyong'aa?
Mng'ao huo ni paa.
Mvuke haupenyi mafuta.
Kidudu kitajilalia chini yake, nyuzi mia na thelathini na nne,
kije kuamkia ndani ya tumbo la mtu."

Akauosha upya. Brashi, jino kwa jino,
maji ya bomba, kisha yale yasiyo na chumvi
(mji huu chumvi hula hata kitasa cha mlango),
kisha beseni la maji meupe kama tui la mwisho.
"Haya ndiyo maziwa yao. Kiungo kinanyonya,
na mvuke unapita. Usisuuze.
Usifute. Acha yachuruzike yenyewe."

Mwaka wa tisa huu naichovya, midomo wazi:
mikasi, vibano, koleo za kushikia sindano.
Madaktari hawanijui jina
ila siku kitu kikikwama.

Juzi wamemleta baba. Ngiri.
Vidole tisa vimekaza, kikombe tunamshikia.
Akaniuliza, mlangoni mwa chumba cha upasuaji,
"Vyuma vyenu mmevipaka mafuta?"
"Tumevinywesha maziwa, baba."
Akacheka mpaka akashika tumbo,
nesi akamkanya.

Saa saba mchana trei ikarudi.
Nikahesabu. Vimetimia.
Damu iliyokuwa imeanza kuganda kwenye kiungo
nilijua ya nani, na glovu zangu zilijua,
nikafanya kama kila siku: maji baridi kwanza.

Mkasi nikaufungua.
Haukusema neno.
Nikasimama nao kidogo, bomba likimwagika bure.