Maji Hayaingii Panapodondoka

Nililinunua kwa fedha za kiinua mgongo,
karavani la Mtaliano mmoja aliyerudi kwao
akaliacha nyuma ya ukuta kule Mayungu miaka kumi na mitatu,
magurudumu yamezama mchangani hadi kwenye nati,
na ndani, juu ya meko ya gesi, panya amelea wanawe
katika soksi ya sufu.

Shemeji yangu Mwaringa alicheka hadi akakaa chini.
"Dama, umenunua kopo la samaki lisilo na samaki."
Sikumjibu. Miaka thelathini na mmoja nimechora ramani ubaoni,
Turkana, Elgoni, jangwa la Chalbi, vyote kwa chaki,
na mimi mwenyewe sijavuka Mariakani.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kubomoa.
Kumbe ukuta wa karavani ni uongo uliopambwa:
bati jembamba nje, karatasi ya maua ndani,
na katikati vijiti vilivyooza
vikimegeka kidoleni kama mkate uliochovywa chai.
Sakafu ilikubali bisibisi hadi kwenye mpini.
Nikang'oa. Nikapima. Nikakata plaiwudi,
nikakosea sentimita mbili, nikakata tena.
Mwalimu naye hukosea, ila hapakuwa na wa kucheka
isipokuwa kunguru.

Hapa Malindi chumvi ndiyo mwenye nyumba.
Hula bawaba, hula vitasa, hula hata kufuli iliyofungwa.
Kila ribiti niliyoigusa ilitoa unga mweupe.
Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu,
nikafungua beringi nikaziosha kwa mafuta ya taa,
nikazishindilia grisi mpya kwa kiganja,
hata kanisani Jumapili waliniachia benchi zima.

Lakini paa.
Juu ya kitanda, mahali palepale: to.
Nikaziba. To.
Nikaagiza silikoni ya bei kutoka Mombasa. To.
Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta;
mimi niliziba ufa, na ukuta nikajenga vilevile.

Ndipo nikaita fundi wa Muyeye.
Alishuka kwenye pikipiki na ngazi begani,
nikamjua kabla hajavua kofia: Kahindi wa Karisa,
dawati la nyuma, darasa la saba,
niliyemchapa kwa kusinzia, Jumatatu hadi Ijumaa.

Doa hakulitazama hata kidogo.
Alimwaga maji kwa birika juu ya paa, polepole, kuanzia mbele,
akanituma ndani na tochi.
"Mwalimu, maji hayaingii pale yanapodondoka.
Huingia mbali, yakashika ubao, yakatembea.
Yakichoka, ndipo huanguka."
Tundu lilikuwa kwenye dirisha la mbele,
hatua nne kutoka kitandani,
mpira umekauka, umefanya ufa mwembamba kama ukucha.

Tulipokaa kunywa chai nikamuuliza:
mwaka ule, usiku, ulikuwa ukifanya nini?
Akapuliza kikombe.
"Chumvi, Mwalimu. Kule Gongoni. Tulipakia lori hadi alfajiri.
Mama alikuwa hajiwezi."
Akaomba sukari.
Nikampa. Nikamwongeza bila kuombwa,
naye akainywa hivyo hivyo, tamu kupita kiasi.

Sasa daftari linaning'inia mlangoni.
Upepo wa tairi, kila Jumamosi.
Mipira ya madirisha, kila miezi sita.
Grisi. Betri. Mchwa.
Na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia,
sentensi yake, bila kosa hata moja.

Mwezi wa nane tutalivuta hadi Marafa,
si mbali, ni majaribio tu.
Ekseli itahimili, anasema Kahindi; kuhusu breki hajaamua.

Juzi mvua ilishuka ghafla.
Nikaingia mchana mchana, nikajilaza na bakuli tumboni,
nikatega sikio.
Bati lilipigwa, likapigwa.
Bakuli likabaki kavu.
Nikasinzia,
na hakuna aliyeniamsha.