Godoro Halipoi

Saa kumi na mbili alfajiri
Siwema anatoka, mimi naingia;
mlangoni Vingunguti tunapeana ufunguo
kama walinzi wa lindo moja.
Mkono wake unanuka sabuni ya mche,
wangu plastiki ya kiwandani.
"Maharage yapo. Luku inaisha."
Ndoa yetu siku hizi ni taarifa.
Hata ugomvi tunauahirisha.

Nalala upande wake, pana joto bado.
Kwenye neti kaacha unywele mmoja.
Siutoi.
Bati linawaka, jirani anatwanga kisamvu,
usingizi wa mchana haushibishi.

Jumapili moja tukakutana, kutwa nzima, wawili.
Tukaoneana haya kama wakwe.
Nikamuuliza: hivi, unakoroma?
Akacheka mpaka akalia:
"Nani angeniambia?"