Ngazi za Juu

Asubuhi, Argos. Kalliroi anafagia ngazi za mawe:
maganda ya alizeti, tiketi, kiatu kimoja cha mtoto.
Jana watu elfu walilia hapa,
wakapiga makofi, wakaenda kula samaki.

"Bibi, drama ni nini?"
"Ni kutenda. Mtu kashika kitasa;
hujui atafungua, hujui atageuka."
"Na tanzia?"
Ufagio unasita.
"Mlango ni uleule, Lefteri. Lakini sisi wa ngazi za juu
tumekwisha kuona kilichoko nyuma yake,
na kupiga kelele ni mwiko."

Hamwambii habari ya simu kutoka Pireo,
alivyoipokea akicheka, unga mikononi.
Siku ile nani alikaa juu,
kimya,
akijua?

Kiatu anakiweka juani.