Kitabu cha Wageni, Makambako

Nilitoka Iringa na asilimia themanini na nne,
nikijisifu kimoyomoyo kwa kila lori nililolipita
likikohoa moshi wake mweusi.
Mafinga, kwenye misonobari, baridi ikaanza kuidokoa betri.
Nikazima hita. Nikavaa koti la mume wangu.
Nyororo nikazima na redio,
ingawa redio haili kitu. Hofu ndiyo inayokula.

Makambako nikaingia na asilimia kumi na moja, na upepo.

Kwenye kituo cha mafuta vijana watatu wakalizunguka gari
wakitafuta tundu la kumiminia.
"Dada, hili linakunywa nini?"
"Umeme."
"Basi hapa utakunywa chai."

Fundi Otmari Nyagawa alikuwa na umeme wa nguvu,
alikuwa akichomelea geti la parokia.
Akaipima plagi yangu kwa jicho lile lile la kupimia nondo.
"Imetoka Japani? Ingekuja na nyumba yake."
Akashusha kioo chake usoni, cheche zikaendelea.

Mama Mligo wa nyumba ya wageni hakucheka.
"Uniti zangu zimebaki nane. Nunua zako."
Nikanunua kwa simu. Ujumbe ukachelewa, ukaja:
tarakimu ishirini.
Mimi nasoma, yeye anabonyeza, upepo unazichukua katikati.
Ya kumi na tano tukakosea.
Tukaanza upya, kama watoto wanaosahau sala,
hadi mita ikalia kama kifaranga, ikakubali.

Waya ukapita dirisha la chumba namba saba,
juu ya mto, chini ya chandarua,
nami nikajibanza pembeni kama niliyemkuta mtu kitandani.

Saa mbili usiku mgeni wa namba tatu akachomeka pasi.
Giza. Nyumba nzima.
Milango ikafunguka, tochi za simu zikanimulika.
Mpira ulikuwa dakika ya themanini na sita.
Sijawahi kutazamwa vile, hata na mawifi.
Nikanunua soda saba.
Tukakubaliana: pasi kwanza, mpira kwanza,
maji ya kuoga ya mzee wa namba moja kwanza,
gari langu saa tano, walio hai wakishalala.

Ndipo Mama Mligo akafungua kitabu cha wageni.
Akaniandika mimi. Akapiga mstari chini yangu,
akaanza mstari mpya.
Jina: Gari.
Kabila: akanitazama. "Mjapani," nikasema. Akaandika.
Atokako: Iringa.
Aendako: Tukuyu.
Kazi: kalamu ikasita hapo kitambo. Msafiri.
Malipo: elfu kumi na tano,
"maana limekula, limelala, na limetukatia mpira."

Mume wangu alisema umeme ni bure ukiulinganisha na petroli.
Hakuhesabu soda. Hakuhesabu kitanda cha gari.

Saa tisa nikatoka kulitazama.
Taa yake ya kijani ilikuwa ikipepesa polepole,
na mlinzi Zakaria Mlowe, amejifunga blanketi mbili,
ameegemeza mgongo kwenye boneti.
"Magari ya wenzako," akalalamika,
"yakifika hunipa joto mpaka saa sita.
Hili lako limekufa tangu liingie."
Nikamwambia linakula.
Akaligusa tena, ili ahakikishe.
"Linakula bila kutafuna," akasema, akaondoka
kwenda kuegemea lori la viazi.

Asubuhi: sabini na moja.
Nikateremka kuelekea Igawa, mguu nimeuondoa,
Usangu imelala bapa mbele yangu,
na namba, yenyewe, ikapanda.
Sabini na mbili.
Nikapunguza mwendo. Sabini na tatu.
Hapakuwa na tarakimu za kusoma, wala mtu wa kuomba radhi;
mlima ulikuwa unanirudishia chenji.

Niliifurahia hadi Chimala.
Huko mbele Mlima Nyoka ulikuwa umeshakunjua kiganja.