Bili ya Baridi

Saa nane za usiku, Merthyr. Nje theluji imelala
juu ya troli zilizosahauliwa.
Mungu anaigandisha nchi nzima bila risiti,
sisi ya kwetu tunainunua kwa uniti.

Majokofu yamejipanga, vifua wazi,
mtindi, siagi, saladi ya bei ya jana,
yanakoroma,
wageni wanaokula mchana na usiku.
Siku ya tatu ilishapita zamani.
Nani atawapa jembe?

Gwilym fundi kapiga goti kwenye kabati la samaki,
anapapasa mpira wa mlango.
"Hapa," anasema. Ufa mwembamba kama unywele,
na kwa mwaka unameza paundi mia nne.
Nikamwambia kwetu ufa una methali yake, na ukuta.
Akataka nimwandikie.
Nikaiandika nyuma ya stika ya bei ya mbaazi,
akaitia mfukoni pamoja na bisibisi.

Babu yake alishuka shimoni akachimba makaa,
mji huu ukauza joto kwa mabehewa.
Mjukuu anapanda ngazi
kupiga hesabu ya baridi.

Bronwen, meneja, kabandika karatasi mlangoni:
*Mapazia yote yashushwe saa nne. Bili imepanda maradufu.*
Mali bila daftari, wanasema, huisha bila habari.
Yeye daftari analo, la kijani, kila senti imo,
na mali inakwisha vilevile,
habari anazo zote.

Nayashusha, moja, jingine,
kama anayewafunika watoto waliojifunua usingizini.
Mngurumo unapungua kidogo.
Kidogo tu.

"Na joto mnalolitoa humu, huenda wapi?"
Gwilym ananyoosha kidole juu.
Kule juu ya paa feni nane zinaupumulia usiku,
na shakwe wamekaa mstari, manyoya yamewatutumka,
wanaota moto wa mtindi wetu.

Saa kumi na mbili nitarudi chumbani.
Mita ina peni sabini.
Nitavua viatu, koti sitavua.
Friji yangu niliichomoa tangu Novemba,
maziwa nayatundika nje ya dirisha kwa kamba ya kiatu.
Juzi nimekuta chupa imetobolewa.
Labda ni mmoja wa wale wa juu ya paa:
kashiba joto,
kaja kutafuta cha kuteremshia.