Misheni ya Kumi na Moja

Saa tatu usiku, Mtemani, Wete,
nafunga duka la simu, nafungua mbingu.
Usukani nimeuunda kwa mkono wa pikipiki iliyokufa,
springi za kitanda na waya wa redio ya marehemu baba;
ukiuvuta sana unalia kama mlango wa choo,
lakini ndege inanyanyuka.

Mwanzo nilirusha zile za chuma, pua ndefu, bunduki nane,
juu ya bahari ya Wazungu, mawingu kama pamba chafu.
Chini theluji. Mie theluji naijua
kwenye friji la Bi Riziki, nyuma ya malai za ukwaju.
Dirishani zinanukia karafuu za jirani,
zimefunikwa turubai kwa kuhofia mvua,
na mie niko futi elfu kumi na nane
namsaka mtu wa kumuua.

Nimeangushwa mara mia na arubaini.
Thelathini kwa risasi.
Zilizobaki ni umeme:
unatoka Tanga, unapita chini ya bahari,
ukifika kwangu umechoka,
unazimika palepale adui anapoingia shabahani.

Mize ndiye hunilinda ubavu wa kushoto.
Dada yangu, mwalimu wa hisabati, Utaani,
anasahihisha madaftari, miwani imemshuka puani,
na bila kuinua kichwa:
"Una mafuta ya dakika kumi na mbili. Rudi."
Sijapata kumkuta amekosea.
Sijapata kumsikiliza.

Kisha ikatangazwa: Rajabu zinakuja ndege za kale.
Moja ya mbao na kitambaa, mabawa mawili yameshikanishwa kwa waya,
polepole mno hata mizinga huikosa kwa haraka zake.
Nyingine ndege-boti, hulala juu ya maji.
Na ramani mpya, pwani yetu.
Pwani yetu!
Nikauza feni.

Rajabu ikapita. Wakaomba radhi, magurudumu hayajakaa sawa.
Shaabani, kivuli cha bawa kina kasoro.
Ikaja Sikukuu ya Pili, ikashuka asilimia moja moja
kama mgonjwa kwenye ngazi.

Pemba ilikuwa kijani tupu.
Nilizunguka mara tatu nikiitafuta Wete:
hapana msikiti, hapana gati, hapana bati la Bi Riziki,
mti mmoja tu umenakiliwa mara elfu ishirini.
"Tukitua," kasema Mize, "nani atatuitikia salamu?"

Misheni ya kumi na moja ikafunguka.
Maandishi meupe: meli ya adui, imebeba askari,
inapita mkondo kati ya Unguja na Pemba.
Izamisheni.

Nikashuka. Ndege ya kitambaa inatetemeka kama cherehani.
Nikaiona, taa tatu, moshi mwembamba,
na juu ya sitaha vitu vidogo vidogo vyeusi
ambavyo aliyeviunda hakuhangaika kuvipa nyuso.

Mize akaweka kalamu chini.
Mkondo ule sisi hatukuujulia kwenye ramani.
Tunaujua kwa orodha iliyosomwa redioni,
kwa godoro lililoelea bila mtu,
kwa sahani ya shangazi Time
ambayo mama huiosha hadi leo
na hapakuliwi mtu.

Kidole kiko kwenye kitufe.
"Ni mchezo," nikasema.
"Najua," kasema. "Pinda kulia."

Nikapinda.
Meli ikatupita chini, ikaenda zake.
Herufi nyekundu zikajaa kioo: MISHENI IMESHINDIKANA.
Tukaifuata juu kwa juu, na taa zake tatu,
mpaka mafuta yakaisha
dakika ileile aliyoitaja.

Jana wametangaza tena:
ndege ya injini tatu, bati lake lina migongo kama la kuezekea,
baada ya mwezi, labda miwili.
Nikamsomea Mize kasi, uzito, idadi ya mabomu.
Aliningoja nimalize.
"Na abiria," akauliza, "inachukua wangapi?"