Saa Nne, Mikindani

Wifi yangu Zamda, anayeogesha vikongwe huko Padova,
alipata mapumziko ya siku moja, akaenda Venisi,
akaturushia picha kumi na saba:
daraja, njiwa, daraja,
kanisa lenye vichwa vya vitunguu,
yeye mwenyewe ndani ya koti la mtu mnene.
Chini akaandika: Kahawa moja, kilo tatu za korosho.
Nilinywa nimesimama. Kiti kina bei yake.

Somoe alizitazama mpaka chaji ikaisha.
Sisi wa Newala maji tunayajua kwa ndoo,
kwa foleni, kwa kengele ya baiskeli ya muuzaji,
basi mtoto akauliza, kwa uso mkavu kabisa:
"Barabara nzima maji? Na ndoo wanauza shilingi ngapi?"

Malipo ya mnada wa pili yalipoingia
Bakiri akasema, Italia hatufiki,
lakini mji wa kale kando ya maji tunao.
Tukashuka Mikindani saa nne asubuhi;
basi la kurudi, saa nane.
Saa nne tukafika, saa nne tukakaa:
jina moja, tumelilipia mara moja,
tumelitumia mara mbili.

Tuliliona boma, kwa nje. Ndani mna wageni na bei zao.
Tuliuona mlango uliochongwa maua,
na nyuma ya mlango hapakuwa na nyumba:
palikuwa na mpapai, mbuzi wawili, na mbingu.
Ukuta ukiugusa, chokaa inabaki kiganjani
kama unga wa muhogo.
Chande akataka kukojoa papo hapo.
Nikamwambia, siyo hapa, hapa ni historia.
Akauliza historia inaishia wapi.

Bakiri akatupanga ukingoni mwa ghuba.
"Sogeeni kushoto, mikoko isionekane. Ifanane,
ifanane na ya Zamda."
Maji yalikuwa yamekupwa. Nyuma yetu tope tupu,
na kaa mmoja kanyanyua gando
kama mtu anayesimamisha basi.

Kijana aliyetutembeza, Hashimu, elfu tano,
akatufikisha kwenye soko la zamani.
Hakupaza sauti. Akasema, hapa waliuzwa watu,
akanyamaza kidogo,
kama anayempisha mwenzake mlangoni.
Kisha akafungua kiganja: ushanga mmoja, wa buluu,
kama punje ya mtama,
aliouokota mvua zilipochimbua mtaro.
"Za namna hii zilipikwa kwa moto huko huko Venisi.
Zilikuja kwa makasha. Zikanunua pembe,
zikanunua..."
Akamtazama Somoe. Hakumalizia.

Mimi nilikuwa nimesimama wima juani.
Chini ya kanga, chini ya gauni,
mahali ambapo mama hapataji mbele ya watoto,
upo uzi alionivisha bibi mzaa mama
siku nilipotolewa ndani:
nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe,
halafu buluu tatu.
Nilimuuliza, za wapi? Akasema, za kwetu.
Nilimuuliza, bei gani?
Akakaza fundo. Akasema, geuka.

Somoe akaomba aushike. Akauweka jichoni,
akaielekea ghuba, akafumba jicho la pili.
"Unaona nini?" akauliza baba yake,
simu tayari mkononi.
"Sioni kitu. Tundu limejaa mchanga."

Kwenye basi, Zamda akajibu picha yetu:
Pazuri! Wapi huko?
Bakiri alicheka mpaka kizuizi cha mazao,
akasoma tena, akaacha kucheka.

Usiku, Newala, nikaoga kwa nusu ndoo.
Taa nimezima. Uzi nikaupitisha vidoleni:
nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe.
Gizani rangi hazionekani,
lakini zile tatu ni baridi kuliko wenzake,
au ni maji tu.
Nikifika hapo vidole vinasimama.
Naanza upya.